Reli nyembamba ya Matadi na watu waliotaka kurudi kwao

Wandugu wanachama, na ninyi marafiki wa mbali munaotusaidia na kusoma barua hii: komite iliniomba niandike ukurasa wa historia. Walitaka habari za kambi, tulivyoenda na tulivyorudi. Nikawaambia hayo wengine wameshayaandika na watayaandika tena. Mimi munanijua. Tangu utoto nina ugonjwa mmoja, ugonjwa wa reli. Na si reli zote. Zile kubwa zinazokwenda moja kwa moja kwenye tambarare haziniamshi usingizini. Ninazopenda ni zile nyembamba, zenye injini ndogo, zinazopanda mlima kwa kuzungukazunguka kama mbuzi. Mke wangu anasema kama ningehesabu franga nilizomaliza kwa vitabu na picha za treni, leo tungekuwa na nyumba ya mabati mapya. Anasema kweli.

Ugonjwa ulianzia nyumbani, Uvira. Vijana wengi hawajui kwamba bonde letu la Ruzizi lilikuwa na reli yake. Iliitwa CEFAKI, yaani reli ya Kivu. Iliondoka bandarini Kalundu, ikapita bondeni mpaka Kamanyola, kilomita 90 na kitu, reli za upana wa meta moja. Ilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mpango ulikuwa ifike Bukavu. Haikufika. Ziwa Tanganyika liko meta 770 hivi juu ya bahari, ziwa Kivu liko meta 1,460, na ukitoka Kamanyola kwenda juu dunia inasimama wima. Treni ilikoma pale, mizigo ikashushwa na kupakiwa kwenye malori. Mwaka 1958 reli ikafungwa.

Mimi nilizaliwa 1957. Mama alikuwa anasema nilipanda treni ile mara moja tu, mgongoni mwake, nikalia toka Uvira mpaka Luvungi. Kwa hiyo napenda kitu nilichokipanda bila kukumbuka hata moshi wake. Papa alifanya kazi kwenye genge la kutengeneza njia. Akiwa na pombe kidogo alikuwa ananionyesha mlima wa Ngomo na kusema: "Unaona pale? Pale njo treni yetu iliogopa."

Mtoto akisikia hivyo atauliza nini? Nikauliza kama kuna treni isiyoogopa mlima. Papa hakujua. Jibu nililipata shuleni, katika kitabu cha zamani cha Kifaransa kisichokuwa na jalada. Kulikuwa na picha ya injini ndogo, ndogo kabisa, imening'inia kwenye ukingo wa mwamba, chini yake mto. Chini ya picha waliandika: Matadi.

Hapa ruhusuni mwalimu mstaafu aeleze kidogo kazi inavyokwenda. Reli za Ulaya, kati ya chuma na chuma ni sentimita 143 na nusu. Zikipita mlimani zinataka kona pana, na kona pana kwenye mlima maana yake ni kutoboa mwamba, kujaza mabonde, kujenga madaraja marefu. Pesa nyingi. Ukipunguza upana, treni inaweza kujikunja zaidi. Inafuata mlima unavyotaka wenyewe, inaingia kila kibonde na kutoka tena. Kule India, reli ya Darjeeling, iliyokamilika 1881, ina upana wa sentimita 61 tu, na inapanda kupita meta 2,200. Palipokuwa wima sana, treni inakwenda mbele, inasimama, inarudi nyuma ikipanda, inasimama, inakwenda mbele tena, kama mtu anayepanda ngazi. Palipo na nafasi, njia inajizungusha na kupita juu ya yenyewe. Nilipoliona hilo kwenye picha mara ya kwanza nilicheka peke yangu kama mjinga.

Basi ya Matadi ilikuwa na sentimita 75 na kidogo. Hatua moja ya mtu mzima. Kona zake nyingine zilikuwa kali kiasi kwamba ungeweza kuchora duara lake kwa kamba ya meta 50. Na mpando wake, mahali pabaya, ulikuwa 45 kwa 1,000: kila meta 1,000 unazokwenda, umepanda meta 45. Kwa kinga si kitu, unashuka na kusukuma. Kwa chuma juu ya chuma ni mambo mengine. Magurudumu yanateleza, lazima kumwaga mchanga kwenye reli, na injini haiwezi kuvuta mabehewa mengi. Ndiyo bei ya wembamba.

Kwa nini walitaka reli pale? Mto Kongo ukitoka Kinshasa unaanguka maporomoko baada ya maporomoko mpaka Matadi, na hakuna meli inayopita. Juu ya Kinshasa kuna maelfu ya kilomita za maji mazuri, chini ya Matadi kuna bahari, na katikati mlango umefungwa. Stanley alisema waziwazi kwamba bila reli nchi hii haina thamani ya senti. Kabla ya reli kila kitu kilipita kichwani mwa watu: meno ya tembo yakishuka, nguo na bunduki na divai zikipanda, hata meli zilikatwa vipande na kubebwa. Mzigo ulikuwa kilo 30 na zaidi, safari kama wiki tatu. Vijiji vingi vya njia ile vikabaki vitupu, watu wamekimbia kazi ya upagazi. Nikisema vijiji vitupu, wasomaji wa barua hii hawahitaji maelezo.

Mwaka 1887 wapimaji waliongozwa na afisa mmoja Mbelgiji, Cambier, wakapita kwenye vilima na vifaa vyao. Mwenye mpango alikuwa afisa mwingine, Albert Thys. Kampuni ya reli ikaundwa Julai 1889 kwa mtaji wa franga milioni 25, ambazo milioni 10 zilitoka kwa serikali ya Ubelgiji. Fedha zile zilikuwa kidogo kwa kazi ile, ndiyo maana wakachagua reli nyembamba. Kazi ikaanza 1890.

Na ikaanza mahali pabaya kuliko pote. Mara nyingi reli inaanzia tambarare, watu wanazoea, halafu mlima unakuja. Matadi ni mwamba wenyewe; jina lake maana yake ni mawe. Njia ilitoka bandarini ikipita ukingoni mwa mto Kongo, ikaingia bonde la mto Mpozo, bonde jembamba lenye kuta za mawe, ikavuka, halafu ikaanza kupanda Palabala. Mchana mwamba unakunywa jua, usiku unalitema. Baruti ililipuka kutwa. Malaria, kuhara damu, beriberi. Miaka miwili ya kwanza haikutoa hata kilomita 10. Katikati ya mwaka ule wa 1890 baharia mmoja wa Poland alishuka Matadi, akatembea kwa miguu mpaka Kinshasa. Baadaye alijulikana kwa jina la Joseph Conrad, na kitabu chake kimoja kimewaonyesha wasomaji wa dunia nzima wafanyakazi wagonjwa waliojilaza chini ya miti kungoja kufa.

Sasa nataka tukae kidogo na wafanyakazi hao, kwa sababu kwa miaka mingi mimi mwenyewe sikukaa nao. Nilikuwa najua uzito wa injini, najua kona, sijui watu.

Wenyeji wa Bas-Congo walikuwa wamechoshwa na upagazi na hawakuja kwa wingi. Kampuni ikatafuta watu mbali: Sierra Leone, Senegal, pwani yote ya Afrika ya magharibi, na Zanzibar pia. Ndiyo, Zanzibar, watu wa lugha hii hii ninayoandika. Waliletwa kwa meli kwa kuzunguka kusini yote ya Afrika, njia ile ile ambayo Stanley na Tippu Tip walipitia mwaka 1887 kutoka Unguja mpaka mdomo wa mto Kongo. Kwa hiyo miaka ile, katika bonde la Mpozo, kulikuwa na watu walioomba maji kwa Kiswahili.

Mwaka 1892 walileta watu mia kadhaa kutoka Barbados. Inaonekana hawakuambiwa kwamba wanakuja Kongo. Meli ilipotia nanga Boma ndipo walipojua, wakakataa kushuka, wakafanya fujo. Askari wakawapiga risasi. Wengine wakafa pale pale, waliobaki wakapelekwa Matadi siku hiyo hiyo, kazini.

Mwisho wa mwaka ule ule wakaja Wachina, zaidi ya 500, kutoka Macau. Kama 300 kati yao walikufa au walikimbilia porini.

Na Waafrika nao hawakukaa kimya. Makundi ya wafanyakazi yalivamia bandari ya Matadi wakiwaambia manahodha: turudisheni kwetu. Si mshahara waliodai, si chakula. Meli. Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilifunga kitabu. Ilikuwa kabla ya vita vyetu, na bado nilikuwa sijui maana ya kutaka kurudi. Lakini kuna kitu kilinishika.

Nirudi kwa Wachina. Wale waliokimbia, wengi hawakuonekana tena. Lakini baadaye wachache walikutwa ndani kabisa ya nchi, zaidi ya kilomita 800 kutoka reli ilipokuwa. Walikuwa wanatembea kuelekea jua linakotoka. Walijua kwao ni mashariki. Walijua mashariki ya Afrika kuna bahari, na bahari ile inafika kwao. Basi wakatembea.

Mwaka 1996 tulipokimbia, nilibeba mtoto, sufuria moja, na ndani ya mfuko wa plastiki karatasi zangu za shule pamoja na ile picha ya injini niliyoikata kitabuni zamani (Mungu anisamehe, kitabu hakikuwa changu). Kambini, mkoa wa Kigoma, nilifundisha. Reli ya Kigoma ilifika ziwani mwaka 1914, nayo ni ya meta moja, pacha wa ile yetu ya Ruzizi. Siku moja nilipata ramani kubwa ya Afrika kwa ajili ya darasa. Nikawaambia wanafunzi hadithi ya Wachina, halafu nikamwita mmoja aweke rula kwenye Matadi na kuivuta kwenda mashariki, sawasawa, bila kupinda.

Matadi iko karibu digrii 6 kusini mwa ikweta. Rula ikapita Bandundu, ikapita Kasai, ikapita Katanga ya kaskazini, ikaingia ziwani kwetu pale pale Kalemie, ambayo nayo iko karibu digrii 6. Ikavuka ziwa, ikapita Tanzania yote, ikatoka baharini karibu na Unguja. Zanzibar ni digrii 6 na kidogo. Darasa likanyamaza. Wazanzibari wa Matadi walikuwa wamekaa kwenye mstari mmoja na nyumbani kwao bila kujua, na Wachina waliokuwa wanafuata jua walikuwa kwenye njia iliyo sawa. Zile kilomita 800 ziliwafikisha Kasai tu. Hawakuwa wamefika hata nusu ya ziwa letu.

Mama mmoja mzee, aliyekuwa anapika uji wa shule, alisikiliza mlangoni. Akasema: "Walikuwa na mayele hao. Kwao iko upande wa jua, nao wanafwata jua. Sisi kwetu iko ng'ambo ya maji tu, na tumekaa." Wanafunzi wakacheka. Alirudi mwaka 2007, akazikwa Baraka, kwao.

Reli iliendelea. Ilipotoka kwenye miamba ya Palabala kazi ikawa nyepesi kidogo, na kadiri njia ilivyopanda ndivyo hewa ilivyokuwa nzuri na vifo vikapungua. Desemba 1893 kilomita 40 za kwanza zilifunguliwa, mpaka Kenge. Mwaka 1896 wakafika Tumba, kilomita 188. Machi 1898 injini ya kwanza ikaona maji ya Pool, na Julai wakafanya sherehe kubwa yenye wageni kutoka Ulaya. Kilomita 388 kwa jumla. Hisa za kampuni zikapanda. Mpira wa Leopold, ambao watu walikatwa mikono kwa ajili yake, ukateremka baharini kwa siku mbili badala ya wiki tatu.

Siku mbili, kwa sababu treni haikutembea usiku. Abiria walilala Tumba, baadaye walilala Thysville, mji uliopewa jina la yule Thys, ambao leo ni Mbanza-Ngungu. Karibu na pale njia ilifika juu kabisa, meta 700 na zaidi, na abiria waliotoka kwenye joto la Matadi walitafuta makoti.

Kampuni yenyewe ilitangaza waliokufa: 1,932. Kati yao 132 ni wazungu na 1,800 ni wengine wote. Kuna msemo wa kule kwamba kila taruma moja ni maiti ya Mwafrika na kila mti wa simu ni maiti ya mzungu. Msemo unazidisha, mataruma ya kilomita 388 ni mamia ya maelfu. Lakini gawanya mwenyewe: kilomita 388 kwa watu 1,932. Utapata mtu mmoja kila meta 200. Na hesabu ile ni ya waliokufa mikononi mwa kampuni. Aliyekimbia na kufia porini hayumo. Aliyerudishwa kwao mgonjwa na kufia njiani hayumo.

Niliipanda reli hiyo mwaka 1982, nilipokuwa nasoma Kinshasa. Ile nyembamba ilikuwa imekwisha zamani. Toka 1923 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1930 waliipanua, wakaifanya ya sentimita 106, wakanyoosha kona, na watu wakachukuliwa kwa nguvu vijijini tena kwa kazi hiyo. Kwa mgonjwa kama mimi ilikuwa sawa na kwenda kumwona mtu na kumkuta mwanaye. Lakini milima ni ile ile. Nilikaa dirishani saa zote, jirani yangu akala kwanga yangu yote bila mimi kuona. Tulipoanza kuteremka bonde la Mpozo nilikuwa nimeshafanya ile hesabu ya meta 200 kwenye daftari. Treni ilikuwa inakwenda pole, tuseme kilomita 30 kwa saa. Kwa mwendo huo meta 200 ni sekunde 24. Nilikuwa na saa ya mkononi. Nikaanza kuhesabu, sekunde 24, mmoja. Sekunde 24, wa pili. Nilifika wa kumi na saba, nikaacha. Nje palikuwa pazuri mno. Sijawahi kuona mahali pazuri vile pa kupitisha reli, na nasema hivyo hata leo.

Hapo ndipo wengine wananiuliza, hasa vijana wa chama: mwalimu, unapendaje kitu cha namna hiyo? Kilijengwa kutuibia, kikajengwa kwa maiti. Mimi sina jibu la darasani. Naona tu kwamba watu walioikata ile njia kwenye mwamba walikuwa mafundi. Aliyejua pa kuweka baruti, aliyejua kupinda chuma kwa kona ya meta 50 bila treni kuanguka, aliyeimba ili wenzake wanyanyue pamoja, huyo alikuwa na akili ya mikono, na kazi yake ilibeba treni zaidi ya miaka 20. Nikiichukia reli kabisa, yeye namweka wapi? Picha za sherehe za 1898 zimejaa kofia nyeupe. Kazi yake ndiyo kitu pekee alichoniachia nimtambue nacho.

Na tena reli si ya aliyeijenga kwa pesa tu. Tazameni Eritrea. Waitaliano walijenga reli kutoka Massawa, baharini, mpaka Asmara, zaidi ya meta 2,300 juu, kilomita 118, upana sentimita 95. Ilifika Asmara mwaka 1911. Katika vita virefu iliharibika, askari waking'oa reli na mataruma kuimarisha mahandaki yao. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1993, walioijenga upya ni wazee. Wastaafu wa reli, wengine wamepita miaka 70, waliitwa, wakaja. Wakaokota vyuma vyao kwenye mahandaki, wakavinyoosha, wakafufua injini za mvuke za zamani, na mwaka 2003 treni ikafika tena Asmara. Nikiwa na huzuni nafikiria wazee wale na nyundo zao. Hakuna aliyewaambia vyuma vile ni vya Waitaliano.

Haya, sasa sababu ya kweli ya mimi kukubali kuandika. Munajua tulipokutana mkutano mkuu tulizungumza juu ya vile vyuma kumi na moja vilivyolazwa kwenye mfereji kama daraja, njia ya kwenda mashamba ya mpunga. Vijana walishangaa nilipowaambia ni mataruma ya CEFAKI, yaani vile vyuma vilivyolala chini ya reli. Watu wa feraye walikuwa wamekuja na mizani yao, wakataja bei. Bei haikuwa mbaya. Kasa ya ugonjwa ilikuwa karibu tupu, na familia mbili zilikuwa na watoto hospitali. Wengine walinitazama wakingoja nipige kelele.

Sikupiga. Niliomba kwanza lijengwe daraja la mbao, kwa sababu akina mama wanapita pale na mizigo, na mbao zikapatikana kwa msaada wa wafadhili wetu, nawashukuru hapa. Halafu nilisema tuuze tisa na tubakize mbili. Kura zikapigwa, mimi mwenyewe nikanyoosha mkono. Tisa zikaenda. Siku zilipopakiwa sikwenda kuangalia, nilisema nina homa.

Pesa zililipa hospitali, mahesabu yamo katika ukurasa wa mwisho wa barua hii, kila mtu aangalie. Watoto wote wawili wamerudi nyumbani.

Yale mataruma mawili yako sasa mbele ya biro ya chama, chini ya mwembe, na watu wanaongoja zamu yao wanayakalia. Yana kutu lakini ni mazima. Kila moja lina matundu ya kufungia reli, huku na huku. Anayepita Uvira aje na kipimo. Kutoka matundu ya upande mmoja mpaka ya upande wa pili atakuta meta moja na kidogo, kama Papa alivyoyaacha.